Mtoto wa PP1 na PP2: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Kisubiri

Januari ikifika, wazazi wa Nairobi tunarudi nyumbani na mifuko mizito. Sare, viatu, madaftari, na juu yake kitu kimoja cha "kumsaidia mtoto kusoma nyumbani". Mwanangu yuko PP2 sasa, mwaka wa pili wa shule ya awali. Kwa miaka miwili nimenunua vingi, na nimeona kipi kilitumika mpaka kikachakaa na kipi kilibaki juu ya kabati. Kila kitu nimekipima kwa swali moja: kinatuketisha pamoja tukaongea, au kinamnyamazisha tu? Mtoto wa miaka minne au mitano hujifunza kwa mdomo na kwa mikono, kwa hiyo nimepanga hivi.

1. Vitabu vya hadithi

Sisemi vya kiada. Hivyo shule itakupa orodha yake, nawe hakikisha tu vimeidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kabla hujalipa. Nasema hadithi za kusoma kabla ya kulala.

Mahali pa kuanzia ni inama, wale wauza vitabu wanaotandaza mali yao chini katikati ya jiji, upande wa barabara ya Tom Mboya na vichochoro vyake. Unainama, unachambua. Mimi hulipa kati ya shilingi 50 na 150 kwa kitabu chembamba cha mtoto. Kisome hapo hapo, ukurasa mmoja kwa sauti. Ukiona una mistari mingi kuliko picha, kirudishe. Kifungue katikati uvute kurasa taratibu ujue kama mshono bado unashika. Mtoto wa miaka mitatu mtafutie vya kadibodi nene, kwa sababu yeye hufungua kitabu kwa nguvu zake zote.

Tatizo la inama ni kwamba vitabu vingi vya watoto ni vya Kiingereza, vimetoka ng'ambo, vimejaa theluji na wanyama wasiopatikana huku. Vya Kiswahili utavipata kwenye maduka makubwa kama Text Book Centre, kwa bei ya juu zaidi. Kuna njia nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui: tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na imeruhusiwa kuzichapisha. Cha kwanza tulikichapisha saiba ya mtaani kwa wino mweusi, karatasi tano zimekunjwa katikati na kubanwa pini mbili. Picha alizipaka rangi mwenyewe, fisi akawa wa kijani. Hakuna kitabu nyumbani kwetu kilichokunjika pembe kama hicho.

Ukiishi Eastlands, kabla hujatoa hata shilingi, mpeleke maktaba ya Kaloleni au ya Makadara. Ni matawi ya maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji, na yote mawili yamekarabatiwa miaka ya karibuni.

2. Vibao vya kujengea

Usikimbilie vya plastiki dukani. Nenda kwa fundi wa mbao, wa soko la Gikomba au aliye karibu na mtaa wako, umwombe akukatie mabaki ya saiprasi. Vipimo ndivyo vyenye maana: upana sentimita 6, unene 3, na urefu wa aina tatu, yaani 6, 12 na 24. Omba kama 40 hivi. Vipigwe msasa hadi pembe zisikwaruze, wala visipakwe rangi, kwa sababu vitaingia mdomoni na hujui rangi ile ina nini.

Kwa nini vipimo hivyo? Siku moja wangu alikuwa anajenga daraja na vibao virefu vikamwishia. Alishika kimoja kirefu mkononi, akatazama vifupi, akapanga viwili juu ya mkeka na kukilaza kile kirefu kando yake. Akakaa kimya. Kisha: "Mama, hivi viwili ni hiki!" Hapo ameona nusu kwa macho yake, kabla mwalimu hajamwandikia ubaoni.

3. Mkeka na rafu fupi

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja au viwili, na chumba cha kusomea hakipo. Mkeka unatosha. Ukitandikwa, kazi imeanza. Ukikunjwa, imekwisha, na mtoto huzoea haraka. Rafu iwe kreti ya mbao iliyolazwa ubavu, isizidi kifua chake, yenye vitu vitano au sita. Vingine vifiche, ubadilishe kila wiki mbili. Rafu yoyote ndefu ifungwe ukutani kwa skrubu, maana watoto hupanda.

Ukiagiza kiti kwa mafundi wa Ngong Road, pima kutoka nyuma ya goti la mtoto hadi kisiginoni. Kwa umri huu mara nyingi ni kati ya sentimita 26 na 30. Miguu ikining'inia, hatakaa.

4. Ubao, chaki na kreyoni

Kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya ubao, na kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisijae chumbani. Kreyoni nunua nene, na zikivunjika usizitupe: kipande kifupi humlazimisha mtoto kushika kwa ncha za vidole vitatu, ndivyo atakavyoshika penseli.

5. Vichezeo vya mitumba

Kwenye masoko ya Toi na Gikomba kuna vizuri sana kwa bei ndogo, lakini kagua kwa makini. Beba ule mrija wa kadibodi wa ndani ya karatasi ya choo: kipande kinachopita kwenye tundu lake, mtoto wa chini ya miaka mitatu asikiguse, na ukiwa na mdogo nyumbani usikinunue kabisa. Geuza kichezeo uangalie mahali pa betri. Ikiwa ni betri zile bapa kama kitufe na kifuniko hakina skrubu, kiache. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Mtoto akiimeza, mkimbize hospitali hapo hapo.

6. Chati za ukutani

Chukua moja, uibandike usawa wa macho yake, si yako.

7. Tableti

Nimeiweka mwisho na nasimamia hapo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba kupungua ni bora zaidi. Saa hiyo moja simu yako inaitosha, na vipindi vya katuni za kujifunzia vya Ubongo kutoka Dar es Salaam viko kwa Kiswahili kizuri. Kaa naye mtazame pamoja. Zile elfu kadhaa za tableti, fundi akishakukatia vibao vyote 40, zilizobaki rudi nazo inama.