Presha kuka ya umeme ya lita sita: kwa maharagwe nunua, kwa matoke baki na sigiri ya makaa

Watu wengi wananiuliza kuhusu hii presha kuka ya umeme, ile sufuria inayopika kwa mvuke uliofungiwa ndani, kama kweli inafaa ama ni mambo ya kwenye video tu, sasa acha niandike yote hapa. Jibu la haraka: kama nyumba yenu inakula maharagwe, nunua, hata kama ni zamu yako kwenye kikundi cha kuchangiana hela ndiyo italipa, nunua. Kama nyinyi ni watu wa matoke (ndizi za kupika) na binyebwa (mchuzi wa karanga) kila siku, shika kwanza hela yako usome mpaka chini.

Yangu ni ya lita sita, wati 1000, ile yenye vitufe na kioo kidogo cha namba mbele, nilinunua mjini Kampala laki tatu kasoro. Kampuni sitaji maana hizi zote zilizojaa madukani kwetu zinafanana, ndani kuna sufuria ya kutoa na kuosha, kifuniko kinakataa kufunguka mvuke ukiwa bado ndani, raba nyeupe inazunguka kifuniko, na juu kuna kidude cha kutolea mvuke. Basi.

Kilichonifanya ninunue ni maharagwe. Sisi tunakaa upande wa Kireka, natoka kazini na jam ya barabara ya Jinja nafika nyumbani saa moja na nusu usiku, sasa uwashe sigiri saa hiyo, uweke nambale zako kavu, yale maharagwe mekundu, zitaiva saa nne na watoto wameshalala na njaa. Kwa hiyo katikati ya wiki maharagwe tulikuwa tumeyaacha kabisa, yanangoja Jumamosi, na siku nyingine tunakula rolex za kwenye kona, zile chapati za kukunja na mayai, ama chips, kila jioni mafuta, kila jioni mayai na unga mweupe, halafu mtoto akikosa choo unaanza kutafuta dawa. Na maharagwe ndiyo chakula cha maana tulicho nacho Uganda kwa hela ndogo, yana protini, yana madini ya chuma, yana nyuzinyuzi, na yako kila soko kuanzia Kalerwe mpaka Nakawa. Iliniuma sana kuona chakula kizuri hivyo kinatushinda kwa sababu ya muda peke yake.

Sasa ni hivi. Asubuhi naloweka maharagwe kabla sijatoka. Usiku nikifika namwaga yale maji, naweka maji mapya yapite juu ya maharagwe kama vidole viwili, nafunga, dakika 20. Hizo 20 zinaanza kuhesabiwa presha ikishapanda, na kupanda kwenyewe kunachukua dakika kumi mpaka kumi na tano, halafu ikimaliza unaiacha itulie yenyewe kama robo saa, kwa hiyo usidanganyike na namba ya kwenye kioo, weka akilini kama dakika 50 zote kwa jumla. Lakini hizo dakika 50 wewe hauko jikoni! Unaoga, unaangalia homework ya mtoto, unaswali, hakuna kupepea moto, hakuna kuongeza maji kila mara. Nikisahau kuloweka naweka dakika 45 na bado tunakula mapema kuliko zamani. Maharagwe ya kanyebwa yanaiva haraka zaidi, yale ya njano pia, lakini maharagwe ya zamani yaliyokaa stoo muda mrefu hata presha inahangaika nayo, ongeza dakika kumi.

Kuna kitu watu hawaelezwi wakati wa kuuziwa. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Pwani ya Mombasa yanachemka nyuzi 100, Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari yanachemka kwenye 96 hivi, na Kabale ambako ni karibu mita 2,000 yanachemka kwenye 93. Hata uongeze makaa namna gani maji hayawezi kupita hapo, yatatokota kwa nguvu tu na kukauka. Ndiyo maana wifi yangu wa Kabale maharagwe yake yanakaa motoni nusu siku, siyo kwamba hajui kupika. Presha kazi yake ni kufungia mvuke ndani mpaka joto lipande kama nyuzi 110 na kitu, na hapo ndipo lile gamba gumu linalegea. Kwa hiyo ndugu zangu wa Kabale, Kisoro, Kapchorwa, nyinyi ndio mnaihitaji kutushinda sisi wa huku chini.

Na magadi achaneni nayo. Mimi nimekulia Arua, kwetu maharagwe bila kitu cha kulainisha yalikuwa hayapikwi, na ni kweli magadi yanalainisha, lakini yanaua vitamini B1 iliyoko kwenye maharagwe na ladha inabaki ile ya sabuni kidogo. Ndani ya presha hayahitajiki. Naweka chumvi mwishoni, nakaanga kitunguu na nyanya pembeni, namimina, na siku nikiwa na odi ya simsim, ufuta uliosagwa, kutoka nyumbani nakoroga vijiko viwili, watoto wanalamba sahani.

Hapa naomba msome kwa makini. Nyingine zina kitufe cha kupika polepole, moto mdogo masaa mengi. Usikitumie kwa maharagwe mekundu. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo inavunjika yakichemka sawasawa, angalau dakika kumi za kuchemka kwelikweli, na moto wa vuguvugu hauifikii, tena yanaweza kuwa mabaya kuliko yalivyokuwa mabichi, watu wanatapika na kuendesha. Kitufe cha presha hakina hiyo shida maana joto linapita la kuchemka.

Gharama sasa, maana kila mtu anasema umeme ni ghali. Yangu kwa kilo moja ya maharagwe inakula kama nusu yuniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, wakati mwingine chini ya hapo. Sababu yake ni kwamba hizo wati 1000 haziwaki muda wote, ikishapata presha inazima, inawaka kidogo, inazima, na ukuta wake unashika joto. Yuniti ya nyumbani mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya shilingi 700 kabla ya kodi, kwa hiyo chungu cha maharagwe ni kama mia nne mia tano hivi. Makaa ya kupikia maharagwe hayo hayo mimi nilikuwa nanunua ya elfu mbili, na tangu amri ya Mei 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini huko Acholi na kwingine, makaa hayajawa kitu cha kuchezea. Alafu kuna jambo wapangaji wengi hawalijui: zile yuniti 15 za kwanza za mwezi zina bei ya chini, mwaka 2025 ilikuwa shilingi 250, na kuanzia mwaka 2022 ERA, wasimamizi wa umeme Uganda, waliweka bei ya kupikia, ukishapita yuniti 80 mpaka 150 bei inashuka, ilipoanza ilikuwa 412. Maana yake mtu anayepikia umeme kila siku yuniti zake za mwisho ni rahisi kuliko za katikati. Lakini hii inakusaidia kama una mita yako mwenyewe, kama mnachangia mita moja vyumba sita na landilodi anawakatia anavyotaka, hesabu itakuwa nyingine kabisa, muulizane kwanza kabla hujaleta kifaa cha wati 1000 nyumbani kwa watu.

Mbali na maharagwe inafanya vizuri kila kitu kigumu chenye maji. Empengere, yale mahindi makavu na maharagwe, zamani ilikuwa chakula cha kukesha nacho, sasa naloweka usiku, kesho yake naipika kwa muda wa saa moja. Molokoni ndiyo ilinishangaza zaidi, ile miguu ya ng'ombe ambayo watu wanaiacha kwenye sigiri usiku kucha, ndani ya presha ni muda wa saa moja na robo na mishipa imekuwa laini mpaka mtoto mdogo anatafuna, na mchuzi unaganda ukipoa jinsi ulivyo mzito. Mbuzi wa kienyeji dakika 35. Katogo ya byenda, yaani matumbo na matoke chungu kimoja, napika mara mbili, byenda kwanza dakika 35, natoa mvuke, natia matoke yaliyomenywa na nyanya, nafunga tena dakika nane, ukizidisha matoke yanakuwa uji. Wali unatoka vizuri pia lakini wali hata kwenye sufuria ya kawaida hausumbui mtu.

Matoke ya kufunga ndani ya majani, hapana. Hapa nasimama na mama mkwe. Yeye ni mtu wa Masaka, alipokuja kututembelea akaizunguka ile presha akaiangalia kila upande akaniambia, "Mwanangu, majani utayaweka wapi hapa?" Na kweli hakuna pa kuyaweka. Matoke yanataka mashina ya majani chini ya sufuria yasiguse maji, yanataka majani yazunguke kila upande, yakandwe katikati, yafungwe tena yakae kwenye mvuke wa polepole mpaka yawe ya njano yote na harufu ya jani iingie ndani. Presha itayaivisha, ndiyo, yataiva haraka, lakini unapata ndizi za kuchemsha, haupati matoke. Nilimwambia "mama, sigiri yako iko pale nje haijaenda popote" akacheka akaenda kuwasha mwenyewe. Luwombo, mchuzi unaopikwa ndani ya jani la ndizi, hivyo hivyo, usijaribu kuikunja ndani ya kile chungu.

Binyebwa pia hapana, na siyo suala la ladha peke yake. Kitu chochote kizito kinashika chini, maana presha inahitaji maji mepesi ya kugeuka mvuke, angalau kikombe kimoja, na mchuzi wa karanga unakaa chini unaungua kabla presha haijapanda, halafu mashine inapiga kelele inazima. Binyebwa vinataka moto mdogo, mwiko, na mtu wa kusimama. Posho, yaani ugali, usiulize, posho bila kusongwa siyo posho.

Umeme ukikatika katikati ya kupika usifungue, hapo ndipo wengi wanaharibu. Kama presha ilishapanda na ukaacha kifuniko kimefungwa chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake muda mrefu, mara nyingi nakuta maharagwe yako karibu tayari, yamalizie kwenye sigiri. Ukitoa mvuke umepoteza joto lote.

Vitu vinavyoniudhi vipo. Raba inashika harufu, ukipika byenda leo wali wa kesho una harufu ya byenda, naitoa naianika juani na bado, mwisho nimenunua ya pili, moja ya nyama na nyingine ya vyakula vingine. Ile sufuria ya ndani ya rangi nyeusi inachubuka ukitumia kijiko cha chuma, kama unaweza kupata yenye sufuria ya stenlesi chukua hiyo. Maharagwe usijaze kupita nusu, yana povu na povu linaziba pale juu, na ukimaliza usiwe na haraka ya kufyatua mvuke, utarusha supu mpaka darini. Na waya jamani, usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya elfu tano pamoja na pasi, ichomeke ukutani moja kwa moja.

Pia ile maandishi ya kwenye vitufe ni ya Kiingereza na mengine Kichina, yule dada anayetusaidia nyumbani alikuwa anaogopa hata kuigusa. Nikamwonyesha kitufe kimoja tu, cha maharagwe, na jinsi ya kuongeza dakika, hivyo vingine hatuvigusi na hatujakosa kitu. Sasa anapika yeye mchana watoto wakirudi shule, na mkubwa ambaye alikuwa anachagua chakula amekuwa anaomba maharagwe na viazi vitamu mwenyewe.

Ukienda kununua, fungua kifuniko pale pale dukani, toa raba uirudishe kwa mkono wako, waambie wachomeke waweke maji vikombe viwili uone kama inapanda presha bila kuvuja pembeni, duka likikataa kujaribu toka nenda la pili, yako mengi. Uliza raba ya akiba kabla hujalipa maana baadaye kuitafuta ni kazi. Lita sita inatosha watu sita saba kwa maharagwe ya siku mbili. Kama mko wawili chukua ya lita nne, na kama nyumba yenu ni ya wageni wageni kila wikiendi, ya lita nane ipo, ila pimeni kwanza kama itaingia kwenye meza yenu ya jikoni.