Uzoefu Wangu na Mfereji wa Plastiki wa Kuficha Nyaya za Televisheni ya Ukutani

Televisheni yangu imetundikwa ukutani kwa breketi, na kwa muda mrefu ilikuwa ikining'iniza chini yake waya wa umeme, kebo ya HDMI ya king'amuzi (inayobeba picha na sauti), kebo ya antena na waya wa spika, kila mmoja kwa rangi yake na urefu wake. Nilizifunika zote kwa mfereji wa plastiki wa PVC wenye kifuniko cha kubana, upana wa milimita 40 na kina cha milimita 25, ambao hupigwa ukutani wima kutoka ukingo wa chini wa televisheni hadi kwenye soketi. Nimeutumia kiasi cha kubadilisha king'amuzi na kuongeza vifaa vingine, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya mfereji uliofunguliwa na kufungwa mara nyingi, si ule uliotoka dukani jana.

Sifa yake kuu kwangu ni kwamba unafunguka. Kifuniko kina midomo miwili inayonasa kwenye kingo za mfereji. Ukikishika upande mmoja na kukivuta kuelekea kwako kinaachia kwa mlio mfupi, nyaya zote zinakuwa wazi, unatoa moja, unalaza nyingine, kisha unakirudisha kwa kukigandamiza kwa kiganja kuanzia juu kwenda chini. Kwa sababu nyaya hulazwa badala ya kupenyezwa, ukubwa wa vichwa vyake haukusumbui. Kichwa cha kebo ya HDMI kina upana wa takriban milimita 20, nacho ndicho kinachowatesa watu wanaojaribu kuipitisha kebo hiyo katika bomba jembamba ambalo waya wenyewe ungepita bila shida.

Wapo wanaoona kwamba kuchimba ukuta na kuzika nyaya ndani ya plasta ndiko kumaliza kazi. Ukuta mtupu unapendeza kweli, lakini waya laini wa umeme unaokuja na televisheni haukutengenezwa ili ufukiwe ukutani. Kanuni za umeme za Marekani, zijulikanazo kwa kifupi kama NEC, zinakataza nyaya laini za aina hiyo kufichwa ndani ya kuta, na sababu zake zina mashiko popote pale: ganda la waya likichubuka hakuna anayeliona, joto halina pa kutokea, na mtu atakayetoboa ukuta baadaye ili atundike picha hana njia ya kujua kilichopo nyuma ya plasta. Anayetaka ukuta mtupu kabisa amwite fundi umeme amwekee soketi nyuma ya televisheni kwa nyaya za kudumu zilizokusudiwa kupita ukutani, na kebo za picha na sauti zipewe bomba lake. Kwa anayeishi katika nyumba ya kupanga, au asiyetaka vumbi na gharama hiyo, mfereji wa nje unatosha.

Lawama yangu kubwa ni gundi. Mfereji huja na utepe wa gundi mgongoni, na maelezo yaliyokuja nao yanasema utepe huo peke yake unatosha. Hautoshi. Kwenye ukuta uliopakwa rangi ya maji, utepe unashika rangi, si ukuta. Uzito wa nyaya unapouvuta, rangi inabanduka nao na kuacha vidonda vyeupe. Wangu ulianza kuachia kwa juu, karibu na mgongo wa televisheni, mahali ambapo joto ni jingi na nyaya zinajipinda kuelekea nje zikiingia kwenye matundu yake. Uliokoka kwa skrubu: matundu mawili kila karibu nusu mita, vishikizi vya plastiki ndani ya tofali, na skrubu za kichwa bapa ili zisikwaruze nyaya. Tangu hapo haujatikisika. Gundi ina kazi moja nzuri, nayo ni kuushikilia mfereji usicheze wakati unapoweka alama za kutoboa. Alama zenyewe zipimwe kwa pimamaji, kwa kuwa mfereji ulioinama hata kidogo chini ya televisheni iliyonyooka huonekana mara moja, na jicho halitaacha kurudi hapo. Kabla ya drili kugusa ukuta, hakikisheni pia hakuna waya wa umeme uliofukiwa kati ya soketi na mahali mnapotoboa; nyaya za ukutani kwa kawaida hupanda wima moja kwa moja kutoka kwenye soketi, na huko ndiko mfereji wa televisheni nao hupenda kupita.

Kuhusu ukubwa, chukueni mpana kuliko mnaodhani mnauhitaji. Mwongozo unaotumiwa na mafundi umeme wa Uingereza ni kwamba nyaya zisijaze zaidi ya asilimia 45 ya nafasi ya ndani, ili joto lipate pa kwenda na nyaya zisibanane. Mfereji wa milimita 25 kwa 16 ungebeba nyaya zangu kwa shida, na kifuniko kinachofungwa kwa nguvu hufyatuka chenyewe usiku. Kebo ya HDMI inahitaji nafasi kwa sababu nyingine pia: picha ya 4K, yaani ile yenye ung'avu wa juu sana, ikiwa na fremu 60 kwa sekunde huweza kuhitaji njia yenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde, na kebo iliyokunjwa kwa pembe kali kwenye kona inaweza kuanza kukatakata picha ingawa haina jeraha lolote kwa nje. Ipinde kwa upole, na usiifunge na nyenzake kwa vibanio vya plastiki vya kukaza. Utepe wa kunata unaofunguka unafaa zaidi.

Plastiki nyeupe niliikwaruza kidogo kwa msasa laini, nikaipaka rangi ya awali ya plastiki, kisha rangi ileile ya ukuta. Sasa mgeni hauoni mpaka aonyeshwe. Kifuniko kipakwe kikiwa kimetolewa, la sivyo rangi inakigandisha na kuchanika kinapofunguliwa.

Kuna mambo ambayo mfereji huu hauyamalizi. Ekstensheni na vichwa vya adapta haviingii ndani yake wala havipaswi kuingia, kwa kuwa vinatoa joto. Hivyo vinahitaji sanduku lenye matundu ya hewa au nafasi nyuma ya kabati. Pia, wenye breketi ya mkono unaovutwa mbele na kugeuzwa wanahitaji kuacha nyaya za ziada juu ya mfereji, za kutosha kufika televisheni inapokuwa imevutwa hadi mwisho, na nyaya hizo zitaonekana ukiitazama kwa ubavu. Kwa breketi isiyosogea tatizo ni kinyume chake: nafasi nyuma ya televisheni ni finyu, na kebo yenye kichwa kilichonyooka inagonga ukuta. Kabla ya kununua mfereji, tazameni kwanza kama matundu ya televisheni yenu yanaelekea ukutani au pembeni. Yakielekea ukutani, mnunue kebo zenye vichwa vya pembe ya nyuzi 90.