Wembe wa kwanza wa kukunja: upi ununue, upi uuache dukani

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja ulikuja ndani ya boksi zuri, pamoja na brashi, bakuli na kipande cha ngozi. Mpini ulikuwa unang'aa. Nilipaka povu, nikauweka shavuni, nikavuta. Haukunyoa, uling'oa. Machozi yalinitoka, na nusu ya uso nikaimalizia kwa kiwembe cha kutupa. Kwa miezi miwili niliamini kosa ni la mkono wangu, hadi fundi mmoja alipojaribu kuunoa akaniambia chuma chake ni laini, hakishiki makali.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji swali moja: nani ameunoa, na ameunoa mpaka wapi? Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa zimenolewa nusu safari tu. Muuzaji anayeijua kazi yake atakwambia bila kujiumauma kwamba huu uko tayari kwa uso, au huu bado. Akianza kukusifia mpini, ondoka.

Namba moja: wembe wa zamani uliofufuliwa

Hapa ndipo ningeanzia leo. Kabla nyembe za usalama hazijaenea (Gillette alipata hataza yake Marekani mwaka 1904), wanaume walinyolewa kwa hizi hizi, na miji kama Solingen nchini Ujerumani, Sheffield nchini Uingereza na Thiers nchini Ufaransa ilizitengeneza kwa wingi. Chuma chake ni kizuri, na mara nyingi bei yake ni chini ya mpya ya daraja lile lile.

Ila ukague. Ulaze taratibu juu ya kioo: mgongo na makali vyote viguse kioo tangu kisigino (mwisho wa makali ulio karibu na mpini) hadi nchani. Ukiona mwanga unapita katikati ya makali, yameliwa kwa ndani, na kuyanyoosha ni kazi kubwa. Kutu ya juu juu si neno, husafishika. Vishimo vyeusi vya kutu vilivyofika ukingoni ni jambo jingine, maana makali yatakuwa yanamong'onyoka hapo kila ukinoa. Tazama na mgongo: ukiwa na ubapa mpana unaong'aa, mwenye nao alinoa kupita kiasi. Ufa hata wa unywele, usinunue.

Namba mbili: mpya kutoka kiwanda chenye jina

Dovo na Böker wa Solingen, au Thiers-Issard wa Thiers. Utalipa zaidi, lakini hutabahatisha. Chagua upana wa 5/8 ya inchi, yaani kama milimita 16. Mwembamba zaidi huyumba, mpana zaidi hukusumbua chini ya pua. Ncha iwe ya mviringo. Ile ya pembe kali inapendeza kwenye picha, lakini ndiyo itakayokutoboa sikio. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi ila hushika kutu; chuma cha pua kinavumilia bafu lenye unyevu, ila kwenye jiwe ni kikaidi kidogo.

Namba tatu: shaveti

Huu ndio ule wa vinyozi: mpini wa kukunja, ndani yake unachomeka nusu ya kiwembe cha kawaida na kukitupa baada ya mteja. Hauhitaji jiwe la kunolea wala mkanda wa ngozi wa kulainishia makali. Wengi humshauri mgeni aanzie hapa, nami sikubaliani nao sana. Kiwembe chake ni chepesi na kikali mno, na ukikosea pembe kidogo tu damu inakuambia. Kama unataka tu kujua iwapo mchezo huu unakufaa, sawa, nunua. Usidhani tu kwamba ukiuchukia shaveti umeuchukia na wembe wenyewe.

Kamisori ya Kijapani, ile isiyokunjwa, ni chombo kizuri, ila kwa asili kila upande wake hunolewa tofauti na mwingine, na hushikwa kwa namna yake. Ngoja kwanza.

Mkiani kabisa ni boksi langu lile, na ndugu zake wote wasio na jina la kiwanda.

Pesa iliyobaki

Nunua mkanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 7 au 8, ili wembe mzima uutandaze bila kuuvuta upande. Wa kwanza uwe wa bei nafuu, kwa sababu utaukata. Mimi wangu niliukata siku ya tatu, nilipogeuza wembe kwa upande wa makali. Unageuzwa kwa mgongo, na mgongo haubanduki kwenye ngozi. Pitisha mara 50 hivi kabla ya kila kunyoa, polepole. Mwendo wa kasi wa kwenye sinema uwaachie waigizaji. Brashi yoyote itakufaa.

Mawe ya kunolea usiyaguse mwaka huu. Wembe unaotunzwa kwenye mkanda hukaa miezi kabla ya kudai jiwe, na ukifika wakati huo mpelekee aliyeunoa mwanzo.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, wembe ukiwa na pembe ya nyuzi 30 hivi, ngozi umeivuta kwa mkono wa pili, ukifuata ndevu zinakolala. Kidevu na shingo vimalizie kwa kiwembe chako cha zamani. Kisha suuza, futa, uache wazi mpaka ukauke ndipo uukunje. Ule wa Sheffield ninaotumia sasa una doa jeusi karibu na kisigino, ukubwa wa punje ya mchele. Ni la asubuhi moja nilipokuwa na haraka nikaukunja na maji yake.