Uzoefu wangu: kusomea Security+ huku nikiwa kazini kila siku

Mimi ni afisa TEHAMA wa chama cha akiba na mikopo kilichopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kitengo chetu kina watu wawili tu, kwa hiyo anayeitwa kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ndiye huyo huyo anayepaswa kuilinda seva yenye taarifa za wanachama wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, niliona wazi kwamba ujuzi wangu wa kuokoteza hautoshi, nikaazimia kutafuta cheti cha Security+, cheti cha msingi cha usalama wa mifumo ya kompyuta kinachotolewa na CompTIA, taasisi ya Marekani ya vyeti vya TEHAMA. Nimepita njia mbili, na naandika kwa ajili ya wenzangu walioajiriwa, wenye familia, wanaojiuliza muda wataupata wapi.

Njia ya kwanza ilikuwa darasa la jioni, ambalo nililianza Septemba 2024. Vipindi vilikuwa siku nne kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Katika wiki ya kufunga hesabu za mwezi sikuhudhuria hata siku moja, na kipindi kilichokupita hakikurudiwa wala hakikuwa kimerekodiwa. Lililoniuma zaidi ni kwamba maelezo waliyotugawia yalikuwa ya toleo la SY0-601, ilhali mtihani wa toleo hilo ulikuwa umesitishwa mwishoni mwa Julai mwaka huo, na toleo jipya la SY0-701 lilikuwapo tangu Novemba 2023. Nilipouliza, niliambiwa tofauti ni ndogo. Niliacha, na ada haikurudishwa. Kabla hujalipa popote, omba kuona namba ya toleo kwenye kitabu watakachokupa.

Njia ya pili ndiyo iliyonifikisha. Nilipakua kutoka CompTIA waraka wa malengo ya mtihani, ambao hutolewa bure, kisha nikafuata video za Professor Messer, mkufunzi wa mtandaoni, ambazo nazo ni za bure na zimepangwa kwa kufuata waraka huo huo kipengele kwa kipengele. Video ni zaidi ya mia moja, lakini nyingi hazizidi robo saa, na kwangu mimi ufupi huo ulikuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ndani ya mwendokasi nilimaliza video mbili au tatu, hata siku ambazo sikupata kiti, kwa kuwa aina za mashambulizi, makundi ya washambuliaji na istilahi nyingine mtu anaweza kuzishika kwa kusikiliza tu.

Si kila mada inakubali kusomwa hivyo. Usimbaji fiche, yaani kugeuza taarifa zisisomeke bila ufunguo, pamoja na funguo zake za umma na za siri, niliurudia mara tatu nikiwa nimeshika bomba la basi na sikutoka na kitu. Hapo ndipo nilipoanza kuzigawa mada kulingana na aina ya muda nilio nao: za kusikiliza nikazipeleka barabarani, na zinazohitaji kalamu na karatasi nikazipeleka alfajiri, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasorobo, siku tatu kwa wiki, watoto wakiwa bado wamelala.

Alfajiri moja niliunda ukurasa wa kuingilia usio na usimbaji wowote, nikaufungua kutoka kompyuta nyingine huku Wireshark, programu ya bure inayonasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao, ikiwa kazini. Nilichuja mawasiliano ya mlango (port) namba 80, unaotumiwa na kurasa za HTTP, yaani kurasa za wavuti zisizosimbwa, nikafungua pakiti moja, na nenosiri nililokuwa nimeliandika sekunde chache kabla likawa mbele yangu herufi kwa herufi. Nilikuwa nimeshasoma mara nyingi kwamba HTTP haifichi kitu, lakini asubuhi ile ndipo nilipoliamini. Nilipofika ofisini nilikagua vifaa vyetu, nikakuta kinasio cha kamera za ulinzi, kifaa kinachorekodi picha zake, kinafunguliwa kwa njia hiyo hiyo, tena kwa nenosiri la kiwandani.

Karatasi niliyoandika kuhusu kinasio hicho ndiyo iliyonipatia muda wa tatu. Nilimwomba meneja wetu saa mbili kila Jumatano asubuhi, kwa sharti kwamba kila wiki nitamkabidhi ukurasa mmoja wa jambo la kurekebisha, naye akakubali. Saa hizo nilizitumia zaidi kwa sera, tathmini ya hatari na ukaguzi, eneo lenye asilimia 20 ya mtihani ambalo mafundi wengi tunalidharau. Eneo la uendeshaji wa usalama lina asilimia 28, na hapo kazi ya kila siku ilinibeba.

Mtihani wenyewe una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Baadhi ya maswali hukutaka utende, kwa mfano kupanga kanuni za faiawoli, kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao. Hayo niliyaacha kwanza, nikayarudia mwishoni. Ada yake inazidi dola 400 za Marekani, kwa hiyo sikuthubutu kupanga tarehe kabla mitihani mitatu ya mazoezi mfululizo haijanipa zaidi ya asilimia 85. Nilifaulu Aprili 2025, baada ya miezi sita na nusu.

Cheti hudumu miaka 3, na kukihuisha kunahitaji vipimo 50 vya mafunzo endelevu, ambavyo nimeanza kuvikusanya kidogo kidogo kwenye safari zile zile za asubuhi. Saa za Jumatano sasa anazitumia mwenzangu wa kitengo. Ameanza na mada ya nakala rudufu, na ukurasa wake wa kwanza tayari uko mezani kwa meneja.