Tahadhari: priampu za "tyubu za Ujerumani" zinazouzwa Kampala

Ndugu zangu mnaopenda kusikiliza muziki nyumbani, kama kuna mtu anakuuzia priampu ya tyubu (kiboksi kinachokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, kwa kutumia taa za kioo za redio za zamani) kwa njia ya simu, soma hapa kabla hujatuma pesa. Nimetapeliwa shilingi 950,000, na aliyenitapeli bado yuko kazini.

Mimi niko Arua. Marehemu baba aliniachia santuri za rumba zaidi ya mia moja, pamoja na amplifaya isiyo na tundu la kuchomeka mashine ya santuri. Muuzaji mmoja anayesema duka lake liko karibu na Paki ya Zamani akanitumia picha ya kiboksi cheusi, tyubu mbili zinawaka rangi ya chungwa. "Mzee wangu, hizo ni ECC83 za Telefunken, Ujerumani yenyewe. Santuri unachomeka moja kwa moja." ECC83 ni aina ya tyubu, na Telefunken ni kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikizitengeneza. Nikatuma pesa kwa simu, mzigo ukapanda basi la usiku.

Nilipowasha, tyubu ziling'aa papo hapo kama tochi. Hapo ndipo ningeshtuka. Tyubu ya kweli ina waya ndani ambao lazima upate moto kwanza: mwanga unakuja polepole, na sauti inachelewa sekunde kumi, hata ishirini. Santuri nayo ikatoka na sauti ya mbali, nyembamba, besi hakuna. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 tu, na santuri yenyewe hukatwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi. Inataka saketi maalumu ya fono ya kuikuza na kuirudisha ile besi. Kiboksi hiki hakina saketi hiyo hata kidogo.

Nikakibeba hadi kwa fundi wetu wa redio, mzee aliyeanza kazi enzi za redio za valvu, yaani tyubu. Hakushika hata bisibisi. Alichomoa tyubu moja, akaigeuza, akaniambia, "Hesabu miguu, mwanangu." Nikahesabu saba. ECC83 ina miguu tisa! Alisema ni 6J1 ya Kichina iliyopigwa chapa ya Telefunken juu ya kioo. Akanieleza pia kwamba ECC83 za Telefunken zilizotoka kiwanda cha Ulm zina alama ya almasi iliyobonyezwa kwenye kioo, chini katikati ya miguu. Kwenye zangu palikuwa patupu.

Katikati ya kila soketi kulikuwa na tundu, na ndani yake kitaa kidogo cha LED. Ndicho kilichokuwa kinang'aa. Tukachomoa umeme, tukatoa tyubu zote mbili, tukawasha tena na kuunganisha simu. Muziki ukapiga vilevile. Sauti yote ilikuwa inapita kwenye chipu moja ya miguu minane, tyubu zimewekwa za kutazamwa tu. Niliumia sana pale.

Sisemi 6J1 ni mbaya. Ziko priampu ndogo zinazoitumia kweli, bei yake ni ya chini, na zinamfaa anayeanza. Ubaya ni kuuziwa jina la Ujerumani na LED.

Jaribio letu la kutoa tyubu usilifanye peke yako. Priampu halisi ya ECC83 inaweza kuwa na volti 250 ndani, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Mwachie fundi. Wewe mdai muuzaji video moja isiyokatwa, kuanzia kifaa kikiwa baridi hadi sauti inatoka, na picha ya tyubu kwa chini, miguu ionekane. Muulize kama kina fono, ajibu kwa maandishi. Kama kimeandikwa volti 120 tu, ni cha Marekani, na kwenye umeme wetu wa 240 kitaungua bila transfoma ya kushusha.

Nilipompigia alidai fundi wangu ndiye aliyekiharibu, kisha akanifungia namba. Taarifa nimeiandikisha polisi. Juzi nimekiona kiboksi kilekile kikitangazwa kwa jina jingine la duka, lakini picha ni ileile: meza ya mbao yenye alama ya kuungua kwa pasi, kona ya kushoto. Ukiiona meza hiyo, usitume hata mia.