Giaboksi ya DSG kwenye Golf GTI, ukweli wangu baada ya mwaka na nusu

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo sichambui gari nzima, leo tunakaa na giaboksi tu, maana kila nikiposti hii Volkswagen Golf GTI ya 2014 yenye DSG, yaani giaboksi ya klachi mbili inayojibadilishia gia yenyewe, swali ni lile lile, "kaka hiyo DSG si inakufa haraka?" Nimeiendesha mwaka na nusu, Dar kila siku na safari mbili za Mbeya, nawaambia mapema kabisa naipenda na ningeinunua tena, ila kuna watu nitawaomba wasiiguse.

Tuanze na utamu wake. Sikilizeni hapa, barabara iko tupu, niko gia ya pili, nakanyaga mafuta... umesikia ule mlio wa "prupu" kwenye ekzosi? Hapo gia ya tatu imeshaingia. Hakuna kuvutwa, hakuna lile pengo unalolisikia mtu akikanyaga klachi, mshale unashuka tu na gari inaendelea kuchanganya. Kila siku naisikia na bado nafurahi.

Sasa inafanyaje? Humu ndani kuna klachi mbili. Moja inabeba gia ya 1, 3, 5 na rivasi, nyingine inabeba 2, 4 na 6. Ukiwa unatembea na ya pili, ile ya tatu imeshapangwa kwenye shafti nyingine inasubiri tu zamu yake, kwa hiyo kubadili gia ni klachi moja kuachia wakati huo huo mwenzake anashika. Anayeamua yote ni kompyuta, wanaiita mekatroniki, imekaa humo humo ndani ya giaboksi inaoga oili, inasoma sensa, inafungua vivalvu vya umeme, oili inasukuma klachi. Kwa hiyo jamani hii siyo otomatiki kama ya Toyota Crown yenye torki konveta, ambako oili ndiyo inayopitisha nguvu badala ya klachi, hii ni manyuo kabisa, sema mguu na mkono ni wa kompyuta. Hilo mlishike, matatizo karibu yote yanaanzia mtu asipolijua.

Na asili yake ni mbio. 1989 Ferrari walileta gari ya Formula 1, 640, dereva anabadili gia kwa vidole nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nayo mbio ya kwanza kabisa kule Brazil. Ile ilikuwa klachi moja. Klachi mbili ni Porsche waliohangaika nazo kwenye 956 na 962 miaka ya 80, halafu 2003 Volkswagen wakaiweka kwenye Golf R32 mtu wa kawaida akaweza kuinunua.

Haya, foleni. Hapa ndipo watu wanaziua. Kwenye Crown unaachia breki kidogo gari inanyata, unabana, unaachia, haina shida. Ukifanya hivyo saa nzima na DSG ni sawa na mtu wa manyuo kukaa nusu klachi kuanzia Ubungo mpaka Kimara, klachi inasugua tu, joto linapanda. Mimi naacha nafasi ya gari mbili tatu ifunguke mbele ndiyo naondoka, wa nyuma ananipigia honi, apige tu. Mlimani usiishikilie gari kwa mafuta, kanyaga breki. Na kushuka mlima Kitonga navuta kile kipado cha kushoto nyuma ya usukani mpaka gia ya pili, injini inaishika gari yenyewe, breki zangu zinafika chini hazijaungua.

Halafu siyo kila DSG ni moja. Hii yangu ni DQ250, gia 6, klachi zimelowa kwenye oili. Golf za 1.2 na 1.4 nyingi zina DQ200, gia 7, klachi kavu, na hiyo ndiyo iliyochafua jina, 2013 Volkswagen waliziita gari zirudi kutengenezwa China na Japani. Mtu wa foleni kila siku, hiyo kavu simshauri. Na nyie wa kuongeza nguvu kwenye kompyuta, DQ250 imetengenezwa kubeba torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 350 na hii injini inatoa hizo hizo 350 ikiwa orijino, kwa hiyo ukiongeza jua unaongeza juu ya nini.

Oili ni kila kilomita 60,000, na hapa mimi niliumia. Nilipoinunua haina rekodi, nikaenda gereji moja wakanimwagia oili ya otomatiki ya kawaida, wiki haijaisha gari ikaanza kupiga "dugu" ikitoka moja kwenda mbili, ukiweka rivasi inashtuka. Nikaipeleka kwa fundi mwingine, akaimwaga yote, nyeusi, inanuka kuungua. Kwenye tundu la chini kuna kibomba cha plastiki, ndicho kinachopima levo, unawasha injini, unasoma joto la oili kwenye mashine, likiwa kati ya nyuzi 35 na 45 unaangalia oili inavyotoka mpaka ibaki matone, tone, tone, unafunga. Zinaingia lita tano na kidogo. Akabadili na filta, akaifundisha kompyuta klachi upya kwa mashine, na ule mshtuko ukaisha. Fundi asiyekuwa na mashine ya kusoma joto, mwambie asante, ondoka.

Ukienda kununua, nenda asubuhi injini ya baridi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka D, achia breki, iondoke laini bila kutetemeka. Weka rivasi, usisikie kishindo. Zima injini utege sikio, ikikung'uta kama kokoto kwenye kopo ujue flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na giaboksi, imechoka na bei yake siyo ya mchezo. Zile taa za P R N D zikipepesa kwenye dashibodi, hata akupunguzie vipi, iache.

Na kama huna fundi wa hizi gari karibu, chukua tu Crown ndugu yangu, utalala usingizi.

Haya, yangu imelala nje tangu jana. Naiwasha... naweka rivasi... sikilizeni wenyewe.