Saa ya elfu nane ya Mwanjelwa, miezi minne baadaye

Niliinunua soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwezi wa tatu, kwenye meza za machinga. Alianzia elfu kumi na mbili, tukaishia nane. Ni saa nyeusi ya plastiki, ya namba, haina jina la maana. Shida yangu haikuwa kujua saa, simu ninayo. Nilichofuata ni mlio: kila saa inapotimia inalia pi-pi, basi, inanyamaza. Mimi nilikuwa mtu wa kuomba alfajiri na usiku. Hapo katikati Mungu simkumbuki mpaka sindano inichome kidole.

Simu niliijaribu kwanza. Ikilia unaishika, ukiishika unakuta mteja anaulizia gauni lake, ukimaliza kumjibu umesahau ulishika simu kwa ajili gani. Saa hii haina pa kukupeleka.

Nashona Uyole, cherehani ya miguu. Mkononi mlio ulikuwa unamezwa na mashine ya kusaga ya jirani, nikaivua nikaifunga kwenye shingo ya cherehani, pale macho yanaposhinda. Ikilia sipigi magoti wala sifumbi macho. Nikifumba nitashona kidole. Mguu unaendelea kukanyaga. Namtaja tu mwenye nguo iliyo mezani: Bwana, mkumbuke. Sketi ya sare, namwombea binti atakayeivaa. Juzi ilikuwa suti ya baba mmoja, imeletwa ipunguzwe kiuno kwa sababu amekonda sana. Pi-pi ilinikuta nafumua mshono wa nyuma, nikapima kitambaa kilichobaki pembeni, vidole vinne vizima. Siku hiyo mguu ulisimama.

Kuna wakati inalia mteja amesimama mbele yangu anafoka. Hapo namfuata Nehemia: mfalme alimuuliza haja yake, naye kabla hajajibu akamwomba Mungu wa mbinguni. Maombi ya pumzi moja, kisha mdomo unafunguka. Yamenisaidia kutojibizana na watu wawili watatu. Si wote.

Kilichonifurahisha zaidi: kioo kinaonyesha 3:00, mimi nasoma saa tisa kama kila mtu hapa, na ndiyo saa ya kusali ambayo Petro na Yohana walikuwa wakipanda hekaluni, Matendo 3. Saa sita Petro alikuwa juu darini anaomba. Sisi hatuhitaji kupiga hesabu, saa za Biblia ndizo saa zetu.

Na kwa sisi Wamoravian kuombea saa si jambo geni. Kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, na zamu hizo zikaendelea zaidi ya miaka mia. Wamisionari waliokuja Rungwe, huku kwetu, mwaka 1891 walitoka kwenye kanisa hilohilo. Mimi nina zamu zote peke yangu, ndiyo maana nachoka.

Sasa kasoro. Usiku hailali. Saa nane inalia, saa tisa inalia, na kwa baridi ya Uyole mwezi wa sita, anayeamka kuomba saa tisa usiku ana wito ambao mimi sijapewa. Mlio ukiuzima usiku, asubuhi lazima ukumbuke kuuwasha, na kitufe ni kidogo mpaka nikibonyeze kwa ncha ya mkasi. Siku hizi naizika kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Mkanda ulikatika wiki ya tano, nikashona wa jinzi, huo haukatiki.

Kubwa kuliko hayo: sikio linazoea. Kufika wiki ya tatu nilikuwa nasikia saa sita, kisha nashtukia saa kumi. Dawa niliyopata ni kuihamisha kila Jumatatu, mara shingo ya cherehani, mara kwenye pasi, mara msumari wa mlangoni. Ikilia kutoka mahali pageni, nashtuka.

Nyota nne. Moja nimeitoa kwa ajili ya usiku.

Wiki iliyopita mlio ulianza kufifia, nikaipeleka kwa fundi saa. Betri elfu mbili. Akaifungua, akaifunga, akaniuliza, “Mama, hii kelele ya kila saa nikuzimie?” Nikamwambia aiache hivyo hivyo.